Ukuta Huu Ulimwogopa Nani?

Hotuba kwa walimu wa historia, waongoza watalii na wanafunzi, jijini Mwanza

Wazee wangu mlioketi mbele, walimu wenzangu, dada na kaka zangu mnaoongoza wageni, na ninyi wanangu mliojazana kule nyuma hadi mlangoni: mwangaluka! Nashukuru kwa kuitika kwa sauti. Maana mtu akiambiwa kwamba leo mada ni kutembea kwenye kuta za kale za miji ya pwani, ana haki ya kuuliza: pwani na sisi, wapi na wapi? Mawe tunayo. Kila kilima cha Mwanza ni mawe. Ya nini kusafiri siku nzima na zaidi kwenda kutazama mawe ya watu wengine?

Nitalijibu swali hilo, ila naomba niwatembeze kwanza.

Nimefundisha historia sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo moja limekuwa likiniuma. Wanafunzi wanachangishwa, wanapelekwa Mombasa, Bagamoyo, Kilwa au Unguja. Basi linasimama, wanashuka, wanapiga picha langoni. Mwongozaji anataja mwaka, wanauandika. Wanapanda basi. Mwaka ule unatoka kwenye mtihani, mtoto anaupata, na mambo yameishia hapo. Ukuta umebaki palepale ulipo, haujaulizwa kitu.

Nao ukuta wa ulinzi, wanangu, unasema waziwazi ukiulizwa vizuri. Swali lake ni hili: ulimwogopa nani? Hakuna anayejenga ukuta mkubwa kwa kujifurahisha. Mawe ni mazito, chokaa ina gharama, mafundi wanataka kula kila siku. Mwenye mji akiunenepesha ukuta upande mmoja na kuufanya mwembamba upande wa pili, amekwisha kukuonyesha hofu yake ilitokea wapi. Akiweka malango matatu mahali na mahali pengine asiweke hata moja, amekuonyesha alimkaribisha nani. Lakini hayo huyaoni ukiwa umesimama langoni na simu mkononi. Ni lazima uuzunguke kwa miguu, na uanzie nje, kule alikosimama adui.

Basi twende Mombasa, Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kufikia 1596 ilikuwa imesimama. Aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, mhandisi aliyewatumikia Wareno katika milki zao za Mashariki. Wageni wengi wakifika hukata tiketi na kuingia ndani moja kwa moja. Mimi nawasihi msiingie kwanza. Shukeni upande wa bahari wakati maji yamekupwa, muutazame ukuta kutokea miguuni. Hapo kuna jambo ambalo picha haijawahi kulionyesha: huwezi kusema kwa hakika jabali linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Ngome imekalia mgongo wa matumbawe. Mafundi walilichonga jabali lenyewe likawa sehemu ya ukuta, kisha wakaendelea kupanda kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Na chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe hayohayo: yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa mpaka yaive, yanazimwa kwa maji, na chokaa inaachwa ikomae kabla ya kujengewa. Sisi tunaojenga nyumba juu ya majabali ya Mabatini na Igogo tunaielewa kazi hiyo kuliko mtu aliyezaliwa nchi tambarare. Tunajua maana ya kulifanya jiwe la Mungu kuwa msingi wako.

Inueni macho sasa mtazame pembe zilizochomoza. Ni nne, kila moja ina jina la mtakatifu: São Filipe, São Alberto, São Mateus na São Matias. Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu ndipo akili ya mhandisi ilipo. Minara ya ngome za zamani zaidi ilikuwa ya mviringo au ya mraba, mirefu. Ila yake ilikuwa moja kubwa: adui akishafika chini kabisa, akajibana ukutani, aliye juu hamwoni tena. Mizinga ilipoenea, minara hiyo mirefu ikawa rahisi pia kuangushwa. Wahandisi wa Italia wakabuni umbo jipya. Kuta zikashushwa, zikanenepeshwa, zikalazwa kidogo ili tufe la mzinga liteleze badala ya kupiga uso kwa uso. Na pembe zikachongwa zikatokeza mbele, ili mlinzi wa pembe hii aone miguu ya pembe ile, na wa pembe ile aone miguu ya hii. Ni sawa na walinzi wawili wa maduka jirani usiku, kila mmoja akikaa mahali anapouona mlango wa mwenzake.

Ukiwa na wanafunzi, usiwaeleze hayo kwa mdomo. Msimamishe mmoja nje, chini ya ukuta, mwambie ajifiche popote anapotaka. Wengine wapande juu wamtafute. Wataona wenyewe kwamba kila anapojibana kuna pembe inayomwangalia. Mtoto aliyefanya hivyo mara moja hatalisahau somo lile, hata kama atausahau mwaka.

Baada ya hapo, zungukeni upande wa nchi kavu. Kuna handaki. Hapa ndipo nataka tuulize swali letu. Vitabu vinasema Wareno waliwaogopa Waturuki, na ni kweli: nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, alifika pwani hii mara mbili katika miaka ya 1580, na Mombasa ikampokea. Mizinga inayotazama mlango wa bandari inamhusu yeye na wenziwe. Lakini Mturuki angekuja na merikebu. Handaki linatazama kisiwa. Linawatazama watu wa Mombasa wenyewe, mji ambao Wareno waliupora na kuuchoma mwaka 1505, wakaupora tena 1528, na ambao haukukubali kutulia chini yao. Kwa maoni yangu handaki lile ni ushahidi mzito kuliko waraka wowote wa gavana, kwa sababu gavana anaweza kuandika kwamba wenyeji wanampenda. Handaki limechimbwa na mtu asiyeamini hivyo.

Na alikuwa na sababu. Mwaka 1631, Sultani Yusuf bin Hasan, kijana wa ukoo wa watawala ambaye Wareno walimlea Goa, makao yao makuu kule India, wakambatiza na kumwita Dom Jerónimo, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni na kuitwaa ngome. Pembe zote nne hazikufaa kitu siku hiyo. Alipitia mlangoni. Wareno walimzingira mwaka uliofuata wakashindwa kumtoa, mpaka yeye mwenyewe alipoondoka kwa merikebu ndipo wakarudi ndani.

Halafu ukaja mzingiro mkubwa. Jeshi la Waomani chini ya Imamu Saif bin Sultan liliizunguka ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Karibu miaka mitatu! Ukipita ndani, simama uwanjani ukaifikirie miaka hiyo: maji, chakula, maradhi. Maradhi ndiyo yaliyoua wengi kuliko mizinga. Kuna wakati Wareno walikwisha kiasi kwamba ngome ilishikwa na Waswahili wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, wakiongozwa na Bwana Daud, waliokuwa upande wao. Jambo hili nalisisitiza kwa walimu wenzangu, maana tumezoea kuieleza vita ile kana kwamba ni ya Mreno na Mwarabu, Mswahili akiwa mtazamaji. Hakuwa mtazamaji. Alikuwa ndani ya ukuta na nje ya ukuta, kila mji wa pwani na hesabu zake. Ngome ilipoanguka, waliobaki ndani walikuwa wachache mno. Na msaada kutoka Goa ulifika siku chache tu baadaye, ukaikuta bendera ya Waomani juu.

Chini ya maji, mbele ya ngome, kuna merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 ilipokuja kuokoa. Wataalamu waliizamia na kuifukua katika miaka ya 1970, na vitu vyake vingi vimo kwenye makumbusho. Baada ya kuzunguka nje, ndipo mwende kuviona. Vitakuwa na maana.

Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza, ikawa hivyo mpaka 1958. Kuta zilizojengwa kumzuia mtu kuingia zikatumika kumzuia mtu kutoka. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na 2011 ikaandikwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Nimeyapita haraka haya kwa sababu mnayakuta kwenye kila kijitabu.

Gedi ni habari nyingine kabisa. Iko kati ya Malindi na Watamu, msituni, kilomita chache kutoka baharini. Hapo hakuna Mreno. Ni mji wa Waswahili, wa mawe, uliostawi katika karne za 14 na 15. Kuna kaburi lenye tarehe ya Kiislamu 802, yaani 1399. Watu walikwisha kuuhama katika karne ya 17. Nilipoingia mara ya kwanza nilishangazwa na mizizi ya miti iliyoukumbatia ukuta, na utulivu wa mahali, lakini baada ya kuzunguka nilishikwa na jambo jingine: Gedi ina kuta mbili. Ukuta wa nje umezunguka eneo la hekta 18 hivi. Ndani yake kuna ukuta wa pili, na ndani ya huo ndimo yalimo jumba la mtawala, msikiti mkuu na nyumba za mawe za matajiri. Katikati ya kuta hizo mbili waliishi watu wa nyumba za udongo na makuti, ambazo hazikuacha alama za kupigia picha.

Ukuta wa nje, sawa, ulimwogopa mgeni. Na ule wa ndani?

Nimewauliza wanafunzi swali hilo pale pale, tukiwa tumesimama kati ya kuta mbili. Wakanyamaza. Kisha binti mmoja akasema, “Mwalimu, ulituogopa sisi tuliosimama hapa.” Sijapata kusikia jibu bora zaidi. Wataalamu wanaweza kuongeza mengine: kwamba mji ulipanuka na kusinyaa, kwamba ukuta wa ndani unaweza kuwa wa wakati mji ulipopungua watu. Yote hayo yajadiliwe. Lakini binti yule alikuwa amejifunza kusimama mahali pa mtu ambaye jina lake halikuandikwa kaburini, na hiyo ndiyo historia ninayotaka kuifundisha. Gedi iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Nendeni sasa, kabla haijajaa watu.

Visima vya Gedi navyo mviangalie. Kuna vilivyoongezwa kina baadaye, kuonyesha maji yalikuwa yanakimbilia chini. Ukuta unaweza kumzuia mtu. Maji yakiamua kuondoka, hauna la kufanya.

Nije Kilwa Kisiwani, kwetu Tanzania. Unachukua kibali Kilwa Masoko, unavuka kwa mashua. Kilwa ilikuwa tajiri kuliko miji yote ya pwani hii kwa wakati wake. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, alifika mwaka 1331 akausifu mji. Dhahabu iliyopita Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ndiyo iliyoulisha. Lakini ukizunguka kisiwa ukitafuta ukuta wa mji wa enzi hizo za utajiri, wa kulingana na Mombasa ya Wareno, huupati. Msikiti Mkuu upo, Husuni Kubwa ipo juu ya mwamba, kasri la mtawala lenye bwawa na nyua. Ulinzi wa Kilwa ulikuwa bahari yenyewe, mikoko, na mlango mwembamba ambao mgeni hawezi kuupita bila rubani wa huko. Adui wa kuvuka bahari na mizinga hakuwahi kufikiriwa. Julai 1505, Francisco de Almeida alifika na merikebu zake, na mji ukaingiwa bila mapigano makubwa. Wareno wakajenga ngome hapo, wakaiacha mwaka 1512. Ngome iitwayo Gereza mnayoiona leo ufukweni ni ya Waomani, ya mwaka 1800 hivi, nayo imebeba mabaki ya ile ya Wareno. Kwa hiyo Kilwa inasomeka kwa kutokuwepo kwa ukuta: watu wake hawakumwogopa anayetoka baharini, kwa sababu kwa karne nyingi anayetoka baharini alikuwa mteja.

Sasa nijibu lile swali la mwanzo, pwani na sisi wapi na wapi. Mali iliyokuwa ndani ya kuta za pwani ilitoka bara. Dhahabu ya Kilwa ilichimbwa kwenye nyanda za Zimbabwe, mbali na bahari. Karne nyingi baadaye, pembe za ndovu kutoka pande hizi za ziwa zilibebwa mabegani kupitia Tabora hadi Bagamoyo, na watu walipitishwa njia hiyohiyo wakiwa wamefungwa. Mababu wa baadhi yetu tuliomo humu walibeba mizigo ile. Kwa hiyo mtoto wa Magu au Sengerema akisimama mbele ya ngome ya pwani hasimami mbele ya kitu cha watu wengine. Anatazama kasha ambamo jasho la kwao liliwekwa. Ana haki ya kuliuliza maswali makali.

Nje ya Afrika nitataja miji miwili tu. Dubrovnik, mji wa kale wa pwani ya Kroatia, una ukuta wa karibu kilomita 2, mita 1,940, na unaweza kuuzunguka wote ukitembea juu yake. Upande wa nchi kavu unene wake ni mita 4 hadi 6. Upande wa bahari ni mita 1.5 hadi 3. Jamhuri ile ya wafanyabiashara ilikuwa na merikebu zake na ilielewana na wengi baharini. Hofu yake ilikuwa milimani, nyuma yake. Mji wa pili ni Galle, Sri Lanka. Wareno waliuanza, Waholanzi wakaujenga upya kwa kuta nene dhidi ya mizinga ya Ulaya. Vita alivyoviogopa Mholanzi vilikwisha zamani, lakini Desemba 2004 tsunami ilipokuja, kuta zile ziliukinga mji wa kale wakati maeneo ya nje yalipoharibiwa vibaya. Mjenzi hachagui ukuta wake utakuja kumkinga nani.

Kutoka hapo nirudi ziwani, na hapa naomba masikio yenu yote.

Kuna kasumba imekaa ndani yetu kwamba kuta za mawe ni mambo ya pwani, ya Zimbabwe, ya Ulaya; kwamba huku ziwani wazee wetu waliishi tu. Nimeisikia ikisemwa na walimu. Basi tokeni hapa alfajiri, pita Magu, Lamadi, Bunda, Tarime, vuka mpaka wa Kenya pale Sirari, ingia Isebania, na jioni mtakuwa Migori. Kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji huo iko Thimlich Ohinga. Ni maboma ya mawe yaliyoanza kujengwa karibu karne ya 16, yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2018. Manne makubwa yana majina: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kochieng ndilo kubwa kuliko yote.

Kuta zake hazina chokaa. Hazina hata udongo wa kushikiza. Mafundi walichagua mawe, wakapanga uso wa nje na uso wa ndani, na katikati wakajaza mawe madogo yanayoshikana na kuzishika nyuso zote mbili. Hakuna jiwe lililochongwa kwa patasi likawa tofali. Kila jiwe limetafutiwa mahali panapolifaa kwa umbo lake. Ukuta una unene wa mita 1 hadi 3, na kuna mahali unafika mita 4 kwenda juu. Haukusimama kwa nyuzi iliyonyooka. Unapinda, na mpindo ule unausaidia kujishikilia. Wajenzi wa nyumba za mlimani hapa Mwanza, wale mafundi wetu wanaopanga mawe kuzuia udongo usiporomoke, nawaomba sana mwende mkaione kazi hiyo. Mtaielewa upesi kuliko profesa.

Na malango! Ni ya chini, yamewekewa mawe marefu juu. Huwezi kuingia bila kuinama. Siku niliyopita hapo niliinama, na nikiwa nimeinama hivyo nikaelewa lango lile linafanya nini: mtu aliyeinama hana mkuki wa kurusha, haoni mbele, na shingo yake iko mahali anapotaka mwenye boma. Handaki la Mombasa na pembe za Cairati zilitumia fedha ya mfalme kupata faida ambayo hapa imepatikana kwa kushusha jiwe moja la mlangoni. Ndani kuna mazizi ya mawe. Swali letu linajijibu: walimwogopa mwizi wa ng'ombe, na mnyama wa porini. Mali yao ilikuwa na miguu, inaweza kuswagwa usiku mmoja ikaisha. Na jamii zilizoishi pale zilipokezana. Wa kwanza waliondoka, wengine wakaja, wakaukuta ukuta, wakautengeneza na kuendelea kuutumia hadi karne ya 20. Mwenzangu nionyeshe ngome ya mfalme gani iliyotumika kwa kazi ileile muda mrefu hivyo.

Na sisi Wasukuma? Kuta zetu zilikuwa hai. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita nchi hii waliandika juu ya vijiji vilivyozungushiwa minyaa. Wazee mlioketi hapa mbele mnaijua vizuri: unakata tawi, unalichomeka, linashika hata mvua ikiwa haba. Ng'ombe haigusi. Utomvu wake mweupe ukimwingia mtu jichoni, siku hiyo haoni. Ukipandwa kwa safu mbili tatu ukaachwa ukafungamana, mtu hapenyi bila kelele na bila maumivu. Haukuhitaji tanuri la chokaa wala mhandisi kutoka ng'ambo, na ulipoharibika ulijiponya. Sababu hatuusomi kwenye vitabu ni kwamba haukuacha gofu. Kijiji kilipohama, minyaa ilibaki ikikua ovyo, ikakatwa, ikasahauliwa. Mahali pengine bado ipo, safu iliyopinda katikati ya shamba ambayo kijana anaipita kila siku akidhani ilijiotea.

Kwa hiyo nina kazi kwenu wanafunzi, na walimu mtanisaidia kuisimamia. Kabla ya kudai safari ya Mombasa, nendeni kwa wazee wa kijiji chenu mkaulize: ua wa zamani ulipita wapi? Lango lilitazama upande gani? Ni pango lipi, kati ya majabali yapi, lililokuwa kimbilio watu walipovamiwa? Mkishaambiwa, uzungukeni huo mstari kwa miguu na mzee akiwa mbele, mchore kwenye karatasi, muandike jina la mzee aliyewaonyesha endapo ataridhia. Wazee hawa hawatakuwa nasi siku zote. Ukuta wa mawe unaweza kumsubiri mtafiti miaka mia tatu. Ua wa minyaa unaishi katika kumbukumbu ya mtu.

Kwa waongoza watalii nina maneno ya kikazi. Dubrovnik mtu anatembea juu ya ukuta kwa sababu umejengwa hivyo. Thimlich hairuhusiki kabisa kupanda: jiwe moja likichomoka, ukuta mzima ulikuwa unalitegemea, na hakuna chokaa ya kuyashikilia yaliyobaki. Mgeni akisisitiza kupiga picha juu, mkatalieni hata kama bahashishi itapotea. Kilwa nako, kaeni mbali na kingo za Gereza upande wa bahari, ambako mawimbi yalikwisha kula sehemu ya jengo. Magofu yale yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kutengeneza kuta na kupanda mikoko ya kuzuia mmomonyoko. Wanakijiji wa Kisiwani wenyewe walishiriki kazi ile. Waelezeni wageni hilo, tena kwa fahari. Mikoko ile inaulinda ukuta ambao zamani ulikuwa unamlinda mtu. Na sisi tulioliona ziwa likipanda mwaka 2020 hadi kumeza mialo na nyumba za ufukweni tunajua vizuri maji yanavyoweza kufika mahali ambapo baba zetu hawakuwahi kuyaona.

Mzunguko wa nje ufanyeni asubuhi, jua halijawa kali, na pwani mwulize wavuvi saa za maji kupwa kabla ya kupanga ratiba. Viatu vya kufunika vidole, matumbawe yanakata. Kila mwanafunzi awe na daftari, na ukurasa wa kwanza uwe na michoro miwili kabla ya neno lolote: ukuta ulivyo upande wa bahari au ziwa, na ulivyo upande wa nchi kavu. Mwaka wa kujengwa waandike mwisho.

Likizo ijayo tunakusudia kwenda Thimlich Ohinga na kundi la walimu kwanza, ili wao ndio wawaongoze wanafunzi baadaye. Wenye hati za kusafiria au vibali vya muda vya kuvuka mpaka waandikishe majina kwenye daftari lililo mezani pale karibu na dirisha. Wasio navyo waanze kuvishughulikia wiki hii. Sasa tupokee maswali, na nitaomba tuanze na mzee wangu wa mstari wa mbele, ambaye kijiji chao kilikuwa na ua wa minyaa nilipokuwa sijazaliwa, atusimulie lango lake lilikuwa wapi.